Binti wa Nyumbani, Wakili wa Janesville

Waheshimiwa mawakili, wanafunzi wa sheria, wazazi wetu na wageni wote, shikamooni mlio wakubwa, na vijana hamjambo.

Kila ninapoalikwa kuzungumza na mabinti wanaosoma sheria huwa naulizwa swali moja. Leo nimeulizwa tena mlangoni, hata sijaketi: "Mama, uliwezaje kazi na nyumba?" Wakili mwenzangu mwanamume aliyekaa hapa mbele ana watoto wanne na miaka mingi ya uwakili kunizidi. Nimemuuliza kama naye amewahi kuulizwa hivyo, akafikiri, akaniambia hakumbuki.

Nasaha zangu zinatosha nyumba yangu tu, kwa hiyo sitawapa nasaha. Nimeona heri niwasimulie maisha ya wakili mmoja wa mji mdogo, ambaye swali hili halikumkuta mlangoni. Lilimkuta mahakamani, likaamuliwa kwa maandishi na Jaji Mkuu.

Aliitwa Rhoda Lavinia Goodell, na Lavinia ndilo jina alilolitumia. Alizaliwa Mei 2, 1839, katika mji wa Utica, jimbo la New York, Marekani. Baba yake, William Goodell, alikuwa mhariri na mpinzani mkubwa wa utumwa, mmoja wa watu waliomaliza umri wao wakiandika na kuhutubia kwamba mtu hawezi kuwa mali ya mtu. Nyumba kama hiyo mtoto hukua akisikia hoja zikijengwa na kubomolewa. Akiwa bado kijana, Lavinia alimwandikia dada yake, Maria, kwamba kusoma sheria kungempendeza, lakini kuifanya kazi yenyewe kungemletea fedheha nyingi. Hakuwa anatia chumvi. Wakati huo Marekani haikuwa na mwanamke hata mmoja aliyesajiliwa kuwa wakili. Wa kwanza, Arabella Mansfield wa mji mdogo wa Mount Pleasant, jimbo la Iowa, alikubaliwa mwaka 1869. Basi Lavinia akaiweka hamu yake pembeni, akafanya kazi New York katika jarida la wanawake.

Mwaka 1871 akaiacha kazi hiyo. Wazazi wake walikuwa wamezeeka, baba akikaribia miaka 80, nao walikuwa wamehamia Janesville, mji mdogo kando ya Mto Rock katika jimbo la Wisconsin, kwa yule dada yake. Lavinia hakuwa na mume wala mtoto. Alifunga mizigo akawafuata wazazi, akawatunze.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wasimuliaji wengi hupita mbio. Mtu akiyatazama maisha yale kwa juu juu atasema: masikini, binti kaacha ajira ya jiji kubwa, kajizika mji mdogo kwa wazazi. Lakini sheria, ile aliyoitamani tangu ujana, hakuipata jijini. Aliipata Janesville, katika nyumba ya wazee wawili, katikati ya kufua, kupika na kuwahudumia. Alianza kujisomea mwenyewe vitabu vya sheria. Mwanzoni hakupata ofisi ya wakili ya kumpokea kama mwanafunzi, ingawa siku zile ndiyo njia iliyozoeleka ya kuingia katika kazi hii. Baadaye ofisi moja ya mjini ikamfungulia mlango, akawa anakwenda kusoma huko.

Najua kidogo kusoma kwa namna ile kulivyo. Miaka ambayo mama yangu alikuwa kitandani, hati nyingi za madai niliziandika kwenye kiti kando ya kitanda chake, jalada likiwa juu ya mapaja. Nikifika katikati ya aya, mama ataomba maji. Nikirudi, aya imenitoka kichwani, nianze upya. Kuna siku alinitazama muda mrefu akaniuliza, "Huyo unayemwandikia ana watoto?" Nikamjibu, wapo watatu. Akasema, "Basi andika vizuri." Niliifuta aya nzima, nikaiandika tena nikimfikiria yule mama wa watoto watatu badala ya kumfikiria hakimu. Ilikuwa aya bora kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba kumtunza mzazi ni muda uliotoka kwenye sheria, nashindwa kukubaliana naye moja kwa moja.

Turudi Janesville. Juni 17, 1874, baada ya kuhojiwa juu ya sheria, Lavinia Goodell alikubaliwa kuwa wakili katika mahakama ya Kaunti ya Rock. Alikuwa na miaka 35. Akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa kuwa wakili katika jimbo la Wisconsin.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kazi ya wakili yeyote wa mji mdogo. Wale wanaofanya kazi katika miji kama hiyo mnaijua: madeni, mirathi, ndoa zilizovunjika, jirani na jirani. Huchagui wateja, na mteja wa leo utakutana naye kesho ibadani. Wanawake waliokuwa wakipambana na ulevi walimpa mapema kesi za kuwashtaki wauza pombe. Kisha mahakama ikamteua kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo wa kulipa wakili. Hilo ndilo lililompeleka gerezani.

Hakwenda kuchukua maelezo tu na kurudi. Alianza kuwatembelea mahabusu wa gereza la mji, akawafundisha kusoma na kuandika, akawa anazungumza nao kama mtu na ndugu zake. Akaanza kujiuliza jela inamfanya mtu awe nani, na akalifanya hilo kuwa sehemu ya kazi yake mpaka mwisho. Mwanamke anayetoka kumwosha mama yake, anapita gerezani kumfundisha mwizi kuandika jina lake, kisha anarudi kupika. Mtu wa namna hii ndiye aliyekuja kuambiwa kwamba sheria itamharibia moyo wa nyumbani.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1875 shauri la mteja wake mmoja lilipaswa kwenda Mahakama Kuu ya Juu ya Wisconsin, mjini Madison. Kusajiliwa katika kaunti hakukumpa mtu haki ya kusimama mbele ya mahakama ile. Ilibidi aombe upya. Akaandika hoja zake mwenyewe. Lakini kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kusema mle ndani, zilisomwa kwa niaba yake na wakili mwanamume. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Unaandika kila sentensi, unajua ipi inahitaji kutua na ipi inahitaji mkazo, halafu sauti inayoitamka ni ya mtu mwingine, na anachokiomba ni wewe uruhusiwe kuwa na sauti.

Uamuzi ulitoka mwaka 1876, ukaandikwa na Jaji Mkuu Edward Ryan. Wanafunzi, uamuzi ule mkiupata usomeni wote. Alisema kwamba sheria ya maumbile imemweka mwanamke kwa ajili ya kuzaa na kulea watoto na kuitunza nyumba. Alisema kazi yoyote ya kudumu inayomtoa katika wajibu huo mtakatifu ni kwenda kinyume cha maumbile, na akiifanya kwa hiari yake ni uhaini dhidi ya maumbile hayo. Kisha akaorodhesha uchafu unaoletwa mahakamani, ubakaji, uzinzi, talaka, watoto wa nje ya ndoa, akisema heshima ya wanawake wote itashuka mmoja wao akionekana hadharani akishughulika na mambo hayo.

Hakuwa peke yake. Miaka mitatu kabla, mwaka 1873, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilikuwa imemkatalia Myra Bradwell wa Illinois, mwanamke aliyeomba kuwa wakili, na mmoja wa majaji akaandika maneno yanayofanana sana na hayo.

Ninavyousoma uamuzi ule kama wakili, kinachoniuma zaidi ni kwamba jaji hakuitazama nyumba yenyewe. Alizungumza juu ya nyumba kwa jumla, nyumba ya kufikirika yenye mume na watoto. Nyumba halisi ya mleta maombi ilikuwa na kikongwe wa kiume na kikongwe wa kike, na wote wawili walikuwa wanamtegemea huyu huyu aliyekuwa anaitwa mhaini wa maumbile. Na uchafu ule alioutaja, wanawake walikuwa tayari wamo ndani yake. Aliyebakwa ni nani? Anayeachwa na kutupiwa watoto ni nani? Hao waliruhusiwa kuingia mahakamani kuulizwa maswali mbele ya chumba kilichojaa wanaume. Kilichokatazwa ni mwanamke mwenzao kusimama upande wao.

Kuna hoja moja ya Goodell ambayo sisi wa Kiswahili tunaweza kuifurahia kwa namna yetu. Sheria ya usajili wa mawakili ilitumia neno la kiume, kwa sababu Kiingereza kina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Goodell akawaonyesha majaji kwamba sheria za jimbo lao zenyewe zina kanuni inayosema neno la kiume laweza kumhusu mwanamke pia. Jaji akakataa, akisema kanuni hiyo ikifuatwa hivyo itageuza mambo mengi mno. Jaribuni sasa kuiandika sheria ile kwa Kiswahili. "Anayeomba kuwa wakili awe na tabia njema." Yupi huyo? Mke au mume? Lugha haijasema. Jaji angelazimika kuchukua kalamu na kuongeza neno "mwanamume" kwa mkono wake mwenyewe, na kila mtu angeuona mkono huo. Sisemi kwamba lugha yetu imetuokoa. Watu waliosema "yeye" kwa karne nyingi nao wamewanyima binti zao shule na urithi. Ila nafurahi kwamba katika lugha hii, anayetaka kumfungia mwanamke mlango lazima aseme waziwazi.

Goodell hakunyamaza. Aliujibu uamuzi ule hadharani kwa maandishi. Jibu lake, kwa maneno yangu, lilikuwa hili: kama maumbile yameweka kizuizi, mwanamke hatapita, msihangaike, na kama maumbile hayakuweka, ukuta wowote mtakaoujenga ninyi utaanguka. Kisha akaacha kubishana na mahakama, akaligeukia Bunge la jimbo. Spika wa Bunge hilo, John Cassoday, alikuwa wakili wa Janesville, mji ule ule mdogo ambako watu walikuwa wanamwona Goodell akifanya kazi kila siku. Mwaka 1877 sheria ikapita: mtu asikataliwe uwakili kwa sababu ya jinsia yake. Naamini udogo wa mji ulimsaidia. Ni vigumu kumwita mtu hatari kwa maadili ikiwa unamwona akipita asubuhi na vitabu, na jioni unamwona amemshika baba yake mkono.

Mwaka uliofuata, 1878, ulimchukua baba yake, na miezi michache baadaye ukamchukua mama yake. Walikuwa ndio sababu ya yeye kuwa Janesville. Angeweza kurudi New York. Hakurudi. Mwaka 1879 alifungua ofisi pamoja na Angie King, mwanamke mwenzake wa hapo Janesville aliyekuwa ndiyo kwanza amesajiliwa, ikawa miongoni mwa ofisi za kwanza za uwakili Marekani zilizokuwa za wanawake watupu. Juni mwaka huo akaomba tena katika mahakama ile ile ya Madison. Safari hii akakubaliwa. Jaji Mkuu Ryan alikuwa bado kitini, na alibaki na msimamo wake. Wenzake ndio waliokubali.

Afya yake ilikuwa imeanza kuharibika. Hata hivyo alikuwa na rufaa mkononi, ya mtu aliyetiwa hatiani, mmoja wa wale watu wa gerezani ambao wengi walikuwa wameshawasahau. Aliifikisha mbele ya mahakama iliyomwambia miaka minne nyuma kwamba si mahali pake. Mwaka 1880 mahakama hiyo ikatengua hukumu ya mteja wake.

Lavinia Goodell alifariki Machi 31, 1880. Alikuwa na miaka 40. Alikuwa ameruhusiwa kusimama katika mahakama ile kwa muda usiotimia mwaka mmoja.

Nimebakiza dakika za maswali. Naona binti pale nyuma mkono umeshapanda tangu nilipomtaja yule mama yangu. Karibu, mwanangu, simama tukusikie.