Kutazama Mbele Kabla ya Kugawa Fedha

Ndugu mwenyekiti, watafiti wenzangu, na ninyi maofisa wa mipango na bajeti ambao nimefurahi sana kuwaona humu ndani: asanteni kwa kunialika.

Tarehe 11 Januari 2020 wanasayansi wa China waliweka hadharani mfuatano wa vinasaba vya kirusi kipya, cha UVIKO-19, kilichokuwa kimezuka Wuhan. Tarehe 16 Machi, siku 65 baadaye, mtu wa kwanza alidungwa chanjo ya majaribio mjini Seattle. Wengi walistaajabu, wengine wakaingiwa na hofu: chanjo gani hii ya miezi miwili? Swali lilikuwa la haki, ila kazi yenyewe haikuanza Januari ile. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walikuwa wameonyesha namna ya kuirekebisha mRNA, ule ujumbe wa kinasaba unaoiambia seli itengeneze protini gani na ambao chanjo ile iliutumia, ili mwili usiishambulie. Virusi vya jamii ya korona vilikuwa vimeshawarukia binadamu mara mbili ndani ya miaka kumi, SARS mwaka 2002 na MERS mwaka 2012, na timu ya Barney Graham katika taasisi za afya za Marekani, pamoja na washirika wake wa vyuo vikuu, iliendelea kuichunguza ile protini iliyochomoza kama mwiba juu ya kirusi. Mwaka 2017 wakachapisha njia ya kuikaza isibadilike umbo. Mwaka huohuo ukazinduliwa muungano wa CEPI wa kugharimia chanjo za magonjwa ya mlipuko, na MERS ikawemo katika orodha yake ya mwanzo. Februari 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya magonjwa ya kupewa kipaumbele katika utafiti, na ndani yake likaandika “Ugonjwa X”, yaani ugonjwa ambao bado hakuna anayeujua.

Hebu tulitazame hilo la mwisho. Ofisi ya umma imeandika kwenye orodha rasmi ya vipaumbele vya utafiti jina la kitu kisichojulikana. Hakuna aliyejua mji, mwezi wala mnyama. Walichojua ni aina ya hatari, na walijua kwamba maarifa fulani yangefaa kwa yeyote wa jamii ile atakayekuja. Huko ndiko kutazama mbele ninakokuzungumzia jioni hii. Mpiga ramli anaahidi tukio na tarehe. Sisi tunauliza: katika hali mbalimbali zinazoweza kutokea, ni uamuzi gani wa leo tutakaoushukuru, na ni upi tutakaoujutia?

Mbinu zenyewe nitazipitia haraka, maana vitabu vipo. Kuna kufuatilia dalili changa, zile habari ndogo zisizofika kwenye kurasa za mbele. Kuna mbinu ya Delphi, iliyobuniwa katika shirika la RAND huko Marekani miaka ya 1950: wataalamu wanaulizwa kwa duru, kila mmoja peke yake, kisha wanaonyeshwa majibu ya wenzao bila majina na kuulizwa tena, ili mwenye cheo asiwafunge wengine midomo. Kuna kuchora taswira tatu au nne za mustakabali zilizo tofauti kweli, na kuujaribu mpango wako ndani ya kila moja. Na kuna kuanza na hali unayoitaka na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka leo. Zote ni nzuri. Ninachosisitiza mimi ni kwamba hakuna hata moja yenye thamani kama haikuhamisha fedha wala kubadili kanuni.

Ushahidi wangu mchungu zaidi unatoka Uingereza. Oktoba 2016 serikali ya huko iliendesha zoezi lililoitwa Cygnus. Kwa siku tatu mawaziri, maofisa wa afya, serikali za mitaa na huduma za dharura walijifanya wako katikati ya janga la mafua makali. Zoezi liliandaliwa vizuri, na ripoti yake ilisema wazi kwamba maandalizi ya nchi hayakutosha kubeba janga zito. Baada ya hapo? Ripoti haikutolewa rasmi kwa umma mpaka Oktoba 2020, janga halisi likiwa limeshaua maelfu kwa maelfu. Mapendekezo mengi hayakuwa yametekelezwa, na sehemu ya watumishi waliopaswa kuyafanyia kazi walihamishiwa maandalizi ya kutoka Umoja wa Ulaya bila makubaliano. Zaidi ya hayo, taswira iliyokuwa mezani ilikuwa moja tu: mafua. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake ya kwanza Julai 2024, ilisema nchi ilijiandaa kwa janga lisilo lenyewe.

Hapo mna makosa mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. La kwanza ni kuchora picha moja na kuiamini. La pili ni kuona vizuri kisha kuacha karatasi ilale kabatini kwa sababu hakuna mwenye wajibu wa kujibu kwa tarehe fulani. Nchi nyingi zinahangaika na la kwanza, zinaajiri washauri na kuandaa warsha. La pili ndilo linaloua.

Sasa tazameni Korea Kusini. Mwaka 2015 MERS iliingia huko, ikawapata watu 186 na kuua 38. Kwa nchi yenye hospitali kama zile ilikuwa fedheha. Wakabadilisha sheria: vipimo vya ugonjwa mpya viruhusiwe kwa dharura, na kampuni binafsi ziingizwe kazini mapema. Tarehe 27 Januari 2020, wakati nchi ina wagonjwa wanaohesabika kwa vidole, maofisa wa afya waliwaita wawakilishi wa kampuni zaidi ya 20 kwenye chumba cha mikutano ndani ya stesheni ya treni ya Seoul, wakawaambia tengenezeni kipimo, idhini itatoka haraka. Tarehe 4 Februari kipimo cha kwanza kikaidhinishwa. Sheria ilishaandikwa na utaratibu ulishakubaliwa, kwa hiyo mkutano ule ulihitaji simu tu. Hivyo ndivyo sera iliyotazama mbele inavyoonekana siku inapohitajika.

Mtaniuliza: basi tujiandae kwa kila kitu? Fedha ziko wapi? Hakuna Hazina duniani inayoweza hilo, na anayelipendekeza hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti. Ndiyo maana naupenda sana mpango wa mdomo wa mto Thames. Mwaka 1953 bahari ya Kaskazini ilifurika, ikaua watu 307 upande wa Uingereza na 1,836 Uholanzi. London ikajenga kizuizi kikubwa cha milango ya chuma, kilichoanza kazi mwaka 1982. Lakini bahari inapanda, na hakuna mtaalamu anayeweza kusema itakuwa imepanda kwa kiasi gani ifikapo mwaka 2100. Mpango uliotolewa mwaka 2012 haukuchagua jibu moja. Ulipanga njia kadhaa, ukataja viashiria kumi vya kufuatiliwa, vikiwemo kina cha bahari na hali ya kuta, ukaweka mapitio kila baada ya miaka mitano na mengine makubwa zaidi kila kumi. Kiashiria kikifika mahali fulani, uamuzi fulani unafunguka. Na walihesabu kurudi nyuma: kama kizuizi kipya kitahitajika kifanye kazi ifikapo mwaka 2070, uamuzi wa kitakuwa cha aina gani hauwezi kupita mwaka 2040 au hapo karibu, kwa sababu usanifu, ardhi na ujenzi vinakula miaka.

Hesabu hiyo ya kurudi nyuma ndiyo ninayoiomba kwenye utafiti, na hapa naomba subira yenu kidogo.

Mwaka wa fedha una miezi 12. Uchaguzi katika nchi nyingi huja kila baada ya miaka minne au mitano. Kumwandaa mtafiti tangu shahada ya kwanza mpaka aweze kuongoza maabara yake kunachukua zaidi ya miaka kumi. Hakuna waziri anayeweza kununua timu ya wataalamu wa virusi, wa udongo au wa mitetemo ya ardhi kwa manunuzi ya dharura. Ukiivunja timu kwa kubana matumizi miaka miwili, watu wanatawanyika, sampuli zinaharibika, mfululizo wa takwimu unakatika, na takwimu za mwaka uliopita bila kupimwa hazirudi milele.

Na bado ruzuku nyingi tunazigawa kana kwamba hayo hatuyajui. Nitawaonyesha jinsi inavyokuwa kwenye jopo. Wapitiaji wanne wanasoma maandiko mawili ya kuomba fedha. La kwanza wote wanalipa alama 7: linaeleweka, hatari yake ndogo, mwombaji anafahamika. La pili wawili wanalipa 9 na wawili 4, kwa sababu linagusa jambo ambalo taaluma bado inabishania. Wastani wa la pili ni 6.5. Linaanguka. Hakuna aliyefanya hila wala uzembe, hesabu yenyewe imeshaamua. Fanya hivyo kwa miaka 20 na utakuta fedha zote zimemiminika kule ambako wataalamu wamekwisha kujaa. Karikó alinyimwa ruzuku mara nyingi kwa kazi ambayo mwaka 2023 ilimpatia yeye na Weissman tuzo ya Nobel.

Ninachopendekeza ni kutenga kasma kabla maandiko hayajafika. Chukueni taswira zenu, muulize kila eneo la utafiti litafaa katika zipi. Linalofaa katika zote lipewe fedha za kudumu, bila kusubiri mashindano ya kila mwaka. Linalofaa katika moja tu, lakini ambalo kukosekana kwake siku hiyo kutakuwa maafa, lisipewe fedha nyingi. Lipewe za kutosha kulifanya libaki hai: watu wachache, maabara moja, takwimu zisizokatika. Na zile alama za 9 na 4 ziwekewe fungu lake dogo, zishindane zenyewe kwa zenyewe.

Nataka pia nionye juu ya orodha za kunakiliana. Nimesoma mikakati ya utafiti ya nchi nyingi, na kurasa zake za vipaumbele zinafanana mno: akili bandia, haidrojeni, kompyuta za kwanta. Yote ni mambo makubwa. Lakini nchi isiyo na bandari na nchi ya visiwa zikitoka na orodha moja, hapo hakuna aliyetazama mbele, wametazamana. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu lazima izae angalau kipaumbele kimoja ambacho jirani yako hana.

Orodha huponywa na watu walioketi mezani. Mwaka 1991 na 1992, Afrika Kusini ikiwa bado haijui itavukaje kutoka ubaguzi wa rangi, watu 22 walikutana mara kadhaa huko Mont Fleur, karibu na Stellenbosch: wanasiasa wa ANC, wa vyama vya wafanyakazi, wafanyabiashara, wanazuoni. Wakachora taswira nne. Ya Mbuni, anayeficha kichwa na kukataa mazungumzo. Ya Bata Kiwete, ya mpito usioisha. Ya Ikaro, yule wa hadithi ya Kigiriki aliyeruka karibu mno na jua akaanguka, ya serikali ya wengi inayotumia fedha kupita uwezo mpaka inaanguka. Na Mruko wa Flamingo, ya kupanda polepole, wote pamoja. Waliokuwemo ni pamoja na Trevor Manuel, aliyekuja kuwa waziri wa fedha mwaka 1996, na Tito Mboweni, aliyekuja kuwa gavana wa benki kuu mwaka 1999. Onyo la Ikaro lilitoka kwenye meza waliyoketi wao wenyewe, kwa hiyo lilikuwa na uzito ambao ripoti ya mshauri isingeupata.

Kuhusu taasisi nitakuwa mfupi. Bunge la Ufini lina Kamati ya Mustakabali tangu mwaka 1993, ya kudumu tangu 2000. Kila muhula wa bunge serikali inaleta taarifa ya mustakabali na kamati inaijibu. Bunge la Marekani lilikuwa na ofisi ya kutathmini teknolojia tangu mwaka 1972, ikaandika ripoti zipatazo 750, kisha mwaka 1995 ikanyimwa bajeti na kufa. Tofauti iko kwenye wajibu: Ufini swali haliepukiki, kila muhula lazima mtu asimame ajibu.

Japani nimeiacha ya mwisho kwa makusudi. Tangu mwaka 1971 wamekuwa wakiwauliza maelfu ya wataalamu ni lini mambo fulani ya sayansi na teknolojia yatatimia, na utafiti huo wanaurudia takriban kila miaka mitano. Jambo wanalofanya wao na wengi hatulifanyi ni kurudi kwenye orodha za zamani na kukagua mada moja baada ya nyingine: ipi imetimia, ipi nusu, ipi haikutokea kabisa. Wanajifunza wataalamu wa fani gani huharakisha mno na wa ipi huchelewa. Kila ripoti ya mustakabali tutakayoandika ningependa iwe na tarehe ya kufunguliwa tena kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na jina la ofisi itakayoifungua na kulieleza bunge ilichokuta.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.