Pima Palepale: Kufuatilia Mazingira ya Ziwa Tukiwa Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, viongozi wa mialo, walimu na wanafunzi, habari za asubuhi. Kule nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nizungumzie hali ya mazingira ya mkoa wetu. Ukiniuliza hali ikoje leo, nitakujibu kwa dakika mbili. Swali gumu ni hali inaelekea wapi. Hilo hawezi kulijibu mtu aliyepima mara moja akaondoka, hata awe na mashine ya bei gani.

Chukueni kimo cha maji ya ziwa letu, Ziwa Victoria. Kule Jinja, Uganda, Nile inapotokea, kuna kipimo kinachosomwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kipimo hicho tunajua kwamba mvua za 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, na Mei 1964 kikasoma mita 13.41. (Hicho si kina cha ziwa, ni usomaji wa kipimo.) Mwaka 2006 maji yalishuka mno, kwa ukame na pia kwa maji yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme hukohuko Jinja. Mei 2020 kikasoma 13.42. Mmeona? Sentimita moja! Mzee aliyeona maji ya 1964 na kijana aliyehamishwa na maji ya 2020 wangebishana mpaka usiku wa manane yapi yalikuwa makubwa, kama si watu waliokwenda kusoma kipimo kilekile, miaka nenda rudi. Mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Kwa hiyo anayejenga banda la dagaa karibu na maji kwa madai kwamba ziwa limesharudi nyuma, aziangalie kwanza namba hizo.

Hiki nilichoshika kinaitwa diski ya Secchi, cha kupimia uangavu wa maji. Ni bamba la duara, robo nyeusi, robo nyeupe kwa kupokezana, limefungwa kwenye kamba yenye alama. Unalishusha majini upande wa mtumbwi wenye kivuli, jua likiwa juu, tuseme kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Likipotea machoni unasoma kamba. Unalivuta taratibu, likionekana tena unasoma tena, kisha unachukua wastani. Miwani ya jua unavua. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mbali na pwani, bamba kama hili lilionekana mpaka mita 7 hivi. Kufikia miaka ya 1990 umbali huo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Udongo wa mashamba, majitaka na moshi wa kuchoma mapori vimeingiza fosforasi na naitrojeni, mwani ukanawiri, na mwani ukioza chini hewa ya oksijeni inakwisha.

Sasa nije kwenye ninalolipenda zaidi: furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Najua hapa wengi mnamwona samaki wa kutupia paka. (Kicheko.) Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walivua kwa kufuata mstari mmoja, kutoka Butimba kuvuka Ghuba ya Mwanza hadi ng'ambo, na samaki wakahifadhiwa kwenye chupa. Miaka ya 1980 sangara, anayewala furu, akafumuka na furu wakatoweka, aina kwa aina, mbele ya macho yao. Miaka ya 1990 baadhi ya furu wakarudi, na walipolinganishwa na wale wa kwenye chupa, matamvua ya kupumulia yalikuwa yameongezeka ukubwa. Samaki wenyewe walikuwa wamebadilika kufuata maji yenye hewa haba. Bila zile chupa za zamani, tungesema furu wamerudi, basi, tukaenda zetu.

Picha za sateliti zinasaidia, sizipuuzi. Zinaonyesha magugu maji yalikotanda na rangi ya maji kwa ghuba nzima. Lakini mawingu yanaziziba, na yanayotokea mita 20 chini hazioni.

Mito ndiyo inayotudanganya. Nenda Mto Mirongo, hapa mjini, mwezi wa Agosti, kisha nenda baada ya mvua ya kwanza ya vuli ilipokwisha kusomba mitaro yote ya mjini. Ukichota kiangazi peke yake kila mwaka, taarifa yako itapendeza na itakuwa ya uongo. Simiyu, unaomwaga Ghuba ya Speke, ni vilevile. Mimi nikiletewa jedwali lisilo na tarehe, saa na mahali palipochotwa maji, nalirudisha.

Ninachopendekeza ni kidogo: kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, iwe na diski moja na daftari moja, wapime mahali palepale mara moja kwa wiki, na daftari likae ofisi ya kata. Lisikae kwenye simu ya mtu, simu zinaibwa.

Mzee pale anauliza diski inauzwa wapi. Mzee wangu, usinunue. Kata bati nene, upana wa sentimita 20, lipake rangi, funga uzito chini. Ila kamba usichukue ya nailoni. Ikilowa inavutika, na mita yako ya Januari haitakuwa mita ya Juni. Mwingine mwenye swali?