Utulivu: neno lililoanzia kwenye mzigo

Mabibi na mabwana, hamjambo. Tukitaka kulielewa neno utulivu, tuanze na kitenzi tua. Mchuuzi akifika sokoni Kibuye na gunia kichwani, hutua mzigo. Ndege hutua, jua nalo hutua. Hata mtu hutuliwa: jirani zetu wa Tanzania wana kaulimbiu ya maji isemayo "kumtua mama ndoo kichwani". Humo ndimo kilimotoka kituo, pale safari inapokatizwa.

Sasa, hiyo l ya tulia imetoka wapi? Haikuingizwa, ilikuwapo tangu zamani. Vitenzi vingi vya Kiswahili vilipoteza l iliyokuwa kati ya irabu mbili mwishoni, na sauti hiyo hurudi tunapoongeza kiambishi cha kutendea. Linganisheni chukua na chukulia, ondoa na ondolea, zaa na zalia. Vivyo hivyo tua na tulia, ila hapa maana imejitenga ikawa kitenzi kamili, kikazaa tuliza, kitulizo, na kwa kiambishi -vu, tulivu na utulivu. Ni mfumo uleule wa vumilia, vumilivu, uvumilivu.

Kwa hiyo aliyetulia ni yule ambaye pilikapilika zake zimekoma. Kimya ni jambo jingine: darasa laweza kuwa kimya kwa hofu bila kutulia hata kidogo. Amani nayo ilitoka Kiarabu, ni ndugu wa imani, amini na amana; kiini chake ni usalama. Mwandishi wa habari anayeandika "amani imerejea" pale ambapo risasi zimenyamaza tu ameahidi makubwa mno. Hapo "hali imetulia" inatosha.

Shwari ni neno la mabaharia: hakuna upepo, tanga limelegea. Hapa Kisumu mnaliona kila siku. Asubuhi ziwa huweza kuwa shwari. Nchi kavu ikishapata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka. Nahodha mzuri ni mtulivu hata ziwa lisipokuwa shwari.

Kosa ninaloliona sana, nalo linaniuma, liko kwenye upatanisho. Shwari halibadiliki: bahari shwari, mambo shwari. Tulivu hubadilika: mtoto mtulivu, maji matulivu, mahali patulivu. "Maji tulivu" na "mahali tulivu" yamejaa magazetini. Ngeli ya N na umoja wa ngeli ya LI-YA ndizo zisizoonyesha kiambishi, kama bahari tulivu, sauti tulivu na ziwa tulivu, na nadhani huko ndiko waandishi wanakopotelea.