Ushauri nasaha unasomwaje mtandaoni?

Haya familia, karibuni tena kwenye chaneli. Leo najibu swali mnaloniuliza kila siku: "Dada, hiyo shahada ya uzamili ya ushauri nasaha unaisomaje kwenye kompyuta? Mtu anafundishwa kumsikiliza mwenzake kwa skrini?"

Sikieni. Nadharia haisumbui; Carl Rogers, yule mwanasaikolojia aliyeasisi ushauri unaomlenga mteja, unamsoma kitandani, theluji ya huku Minnesota, Marekani, ikimwagika nje. Kazi ipo kwenye mazoezi. Mwalimu anatugawa watatu watatu kwenye vyumba vya Zoom: mmoja mshauri, mmoja mteja, wa tatu anatazama na kuandika. Sasa mtazame mteja machoni! Ukimwangalia usoni kwenye skrini, yeye anaona umeinamisha macho. Ukiangalia kamera, yeye anaridhika, ila wewe uso wake huuoni. Mimi dirisha lake nimelisogeza juu kabisa, chini ya kamera. Afadhali kidogo.

Halafu kimya. Mshauri lazima ajue kunyamaza, mtu ajikusanye. Mtandaoni ukinyamaza tu: "Haloo? Umeganda?" Siku hizi tunaambizana mapema kabisa, nikinyamaza, nipo. Na miguu je? Mtu anasema yuko sawa, sura imetulia, kumbe chini ya meza goti linacheza. Wewe huoni. Hapo waliokaa darasani wanatushinda, sibishi.

Lakini rekodi, jamani! Zoezi linarekodiwa, kisha unaandika neno kwa neno ulichosema, na pembeni unaeleza ilikuwa mbinu gani: swali wazi (lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana), kuakisi hisia (kumrudishia mteja hisia ulizozisikia kwake), muhtasari. Inachosha! Ila ndipo unapojiona ukitikisa kichwa kama mjusi, na unavyomkatiza mtu kwa "usijali, Mungu yupo." Sisi tuliolelewa na mashangazi wenye majibu tayari, hilo linatutesa kuliko wenzetu Wamarekani.

Na msidhani mambo yanaishia kwenye skrini. Programu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachosimamia ubora wa masomo haya Marekani, zinadai saa 100 za mazoezi ya awali, angalau 40 ukiwa na wateja wa kweli. Baada ya hapo, saa 600 za mafunzo tarajali, 240 kati yake na wateja. Na kituo cha kufanyia mara nyingi unajitafutia mwenyewe. Hapo ndipo watu wanapolia. Hiyo ni video yake peke yake, ipo njiani.

Mliosoma ushauri nasaha nyumbani, mkikaa chumba kimoja na mteja, niandikieni hapo chini: nyinyi kunyamaza mlifundishwaje?