Bangili ya Ishirini

Habari zenu. Karibuni mbele, viti vya mbele havilipiwi.

Nianze na swali ambalo kwa kawaida huja mwishoni: "Wateja nitawapata wapi?" Nalijibu sasa hivi ili lisikae kooni. Kabla ya wateja, nionyeshe bangili yako. Nzuri. Nionyeshe nyingine kama hiyo hiyo. Haya, sasa nionyeshe nyingine 18. Hapo ndipo ukumbi unapokuwa kimya. Ya pili imetoka fupi kwa sentimita moja. Ya tatu shanga za bluu ziliisha, zikawekwa za kijani. Ya nne kishikizo kimebadilika kwa sababu vile vya mwanzo havikupatikana tena. Zote zinapendeza, sikatai. Lakini mtu ameona picha ya bangili ya kwanza, amelipa, nawe unampelekea ya nne. Hicho umemuuzia ni kitu kingine.

Ukitengeneza kwa kujifurahisha, kazi inaishia kwenye bangili ya kwanza. Ukitaka kuuza, kazi ndiyo kwanza inaanza, na inapimwa kwenye ile ya 20. Leo nitalisema hilo mpaka mchoke.

Mtaniambia kizuri chajiuza. Ni kweli, chajiuza mara moja. Kikikatika mkononi mwa mtu mbele ya wenzake, shanga zikabiringika chini ya meza, kitajitembeza chenyewe kueleza watu kimetoka kwa nani.

Na kinakatikia wapi? Hapa naomba tutulie, maana wengi mnapapita mbio. Bangili haikatikii katikati, palipo na shanga nzuri ulizochagua siku nzima. Inakatikia mwishoni, kwenye kile kibomba kidogo cha metali tunachokiminya ili kishike waya. Tukiite krimpu, ndilo jina lililozoeleka. Kwa ukubwa hakifiki punje ya mchele, na ndicho kinachobeba kazi yote.

Tuchukue bangili ya sentimita 18. Waya ni ile ya chuma iliyovikwa nailoni, unene wa milimita 0.48. Ukiikata ncha na kuitazama kwa lenzi utaona nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja: kuna ya nyuzi 7, ya 19 na ya 49. Ya nyuzi 7 ni ya bei nafuu, lakini ni ngumu na hujikunja, na ikijikunja mara moja alama haitoki. Kwa bangili, kitu kinachopindwa kila kinapovaliwa, tumia ya 49, au ya 19 ukikosa. Kata sentimita 30. Najua ni nyingi kuliko bangili yenyewe. Waya iliyobaki haikuui, ila ukijibana kwenye urefu vidole havitapata pa kushika, na krimpu utaiminya upande.

Ingiza krimpu ya milimita 2, ingiza kipete cha kishikizo, kisha rudisha waya ndani ya krimpu ile ile na uache mkia wa sentimita 2.5. Sasa tazama ndani. Waya mbili zilale sambamba, kila moja na upande wake. Zikipandana ndani ya krimpu, utakapominya ya juu itaikata ya chini, na huwezi kuona. Itashika wiki mbili. Ukikuta zimepandana, toa, anza upya.

Koleo la krimpu lina mapengo mawili. Watu wengi hutumia moja tu kwa miaka, wakidhani la pili ni pambo. Pengo la nyuma, lililo karibu na mpini, ndilo la kwanza kutumika: linatia bonde katikati ya krimpu, waya moja huku, nyingine kule. Kisha unaigeuza krimpu robo mzunguko na kuiweka kwenye pengo la mbele, unaikunja kama unavyofunga kitabu. Krimpu inakuwa duara ndogo, haikwaruzi ngozi. Vuta kwa nguvu. Ikiteleza, usiminye mara ya pili kwa hasira. Metali iliyokwisha kukunjwa ikiminywa tena hupasuka. Kata, weka mpya. Kisha ule mkia wa sentimita 2.5 uufiche ndani ya shanga za mwanzo. Usiukate kwenye krimpu, kwa sababu ncha ya waya iliyo wazi huchoma ngozi na kuvuta nguo.

Upande wa pili ndiko kwenye kosa ninalolikuta karibu kila meza. Mtu amepanga shanga, amevuta waya mpaka zimebanana, bangili imenyooka kama rula. Anaminya. Inaonekana safi kabisa juu ya meza. Lakini bangili haivaliwi juu ya meza! Ukiipinda kuzunguka mkono, shanga zinasukumana, njia ya waya inahitaji urefu zaidi, na urefu haupo. Basi waya inavutana na krimpu kila mkono unapogeuka, nailoni inakwanguliwa na ukingo wa tundu la ushanga, nyuzi zinakatika moja moja. Dawa yake ni bure: kabla ya kuminya krimpu ya pili, ipinde bangili iwe duara, acha nafasi ya milimita 2 au 3, ndipo uminye. Na shanga kubwa zinahitaji nafasi zaidi kuliko ndogo.

Naona mtu anatikisa kichwa pale: "Mimi natumia uzi wa mpira, hayo hayanihusu." Yanakuhusu zaidi. Uzi wa mpira usipoutanua kabla ya kuanza, utatanuka wenyewe baada ya siku chache, na bangili itaacha pengo linaloonyesha uzi. Uvute mara kadhaa kwanza. Fundo liwe la mpasuaji, lile la kupitisha ncha mara mbili kabla ya kukaza, si fundo la kamba za viatu. Tone moja la gundi, ukaushe, ulivute fundo liingie ndani ya ushanga wenye tundu kubwa. Na mwambie mnunuzi ukweli kwamba mpira huchoka.

Vipete vya kuungia, vile viduara vya waya vyenye mkato, navyo vina mambo yao, ila nitasema mawili tu. Usikifungue kwa kuzitenganisha ncha kulia na kushoto, kinapoteza duara na hakirudi. Zungusha ncha moja mbele, nyingine nyuma, kisha urudishe kwa njia ile ile, ukipitiliza kidogo ili zikutane zikiwa zimekaza. Ukimaliza, pitisha uzi mwembamba wa kushonea kwenye mkato. Ukinasa, hakijafunga. Na kwa bangili usitumie kipete cha waya chini ya milimita 0.8.

Halafu jaribu. Chukua chupa ya lita 2, ijaze maji, hizo ni kilo 2 na uzito wa chupa. Itundike kwenye bangili iliyofungwa kwa kishikizo chake, iache usiku kucha. Asubuhi angalia krimpu zote mbili, angalia kipete, angalia kama kishikizo kimepinda. Mtu atasema ni ukatili, hakuna anayebeba chupa kwa bangili. Lakini mtoto ananing'inia kwenye mkono wa mama, na mkoba unanasa. Kama umetengeneza 20, ijaribu moja katika kila 5, na ikifeli moja, zijaribu zote.

Sasa, kadi. Hiki ndicho kinachoifanya ya 20 ifanane na ya kwanza, na hakihitaji kompyuta. Kila kipande unachouza kiwe na kadi yake: urefu uliokamilika, urefu wa waya uliyokata, unene wake na idadi ya nyuzi, shanga ngapi za ukubwa gani, kwa mpangilio upi, krimpu gani, kishikizo gani, dakika ngapi. Andika "shanga 64 za 8/0", usiandike "shanga za kutosha". Hayo ni majina ya ukubwa: za 8/0 zina takribani milimita 3, za 11/0 takribani 2. Ukichanganya majina hayo, kadi haina maana. Na hifadhi kipande kimoja ambacho hakiuzwi, kifungwe pamoja na kadi. Rangi za shanga hutofautiana kati ya mkupuo mmoja wa kiwanda na mwingine hata namba ya rangi ikiwa ile ile. Ukipanga kuuza 20, nunua za 20 kwa pamoja, ongeza kidogo kwa zile zilizopinda au zenye tundu lililoziba.

Bei. Nina dakika chache, kwa hiyo nitaenda haraka, japo najua wengine mmekuja kwa hili.

Kosa liko kwenye dakika. Watu wanahesabu shanga na waya, wanaongeza "kidogo juu," wanaita bei. Weka saa mezani. Tuseme jozi ya hereni za kusuka inakula dakika 40: kupima na kukata 6, kusuka 22, kufunga ndoano 5, kupiga tupa na kusafisha 4, kufungasha 3. Malighafi ni 10, kwa fedha yoyote unayotumia. Saa yako umeipa 30, kwa hiyo dakika 40 ni 20. Mengine, yaani vifungashio, koleo linalochakaa, usafiri na makato ya malipo, weka 5. Gharama ni 35. Hiyo bado haina faida hata senti.

Mtasema, "Bei hiyo hakuna atakayenunua." Vizuri, basi usijipunje mshahara, punguza dakika. Tengeneza jozi 10 kwa mpigo. Ukikata zote pamoja, kukata kunashuka kuwa dakika 2 kwa jozi, ndoano 3, tupa 2, kufungasha 1. Kusuka kumebaki 22 kwa sababu kusuka hakuna mkato. Jumla 30, gharama inakuwa 30. Sasa rudi kwenye mchoro: ondoa safu ambayo hakuna anayeiona sikio likiwa limefunikwa na nywele, kusuka kushuke kuwa 14. Jumla dakika 22, gharama 26. Na kama katika kila 10 moja inaharibika, zile 9 ndizo zinazobeba gharama ya 10: 260 ugawe kwa 9, karibu 29. Ndiyo namba ya kweli.

Kutoka hapo watu wengi huzidisha kwa 2 kupata bei ya jumla, na kwa 2 tena kupata ya rejareja. Si sheria ya mbinguni. Sababu yake ni kwamba mwenye duka kwa kawaida atataka karibu nusu ya bei ya rafuni. Ukianza kuuza mwenyewe kwa 40, siku duka likikuita utapewa 20, chini ya gharama, na bei huwezi tena kuipandisha bila wateja wako wa kwanza kununa. Kwa hiyo panga bei ya rejareja ambayo nusu yake bado inakuachia kitu. Na ile bei ya kirafiki, iandike kwenye daftari kama zawadi, uone mwisho wa mwezi umegawa kiasi gani.

Mali kauli, yaani kuacha bidhaa dukani ulipwe zikishauzwa: usiache kitu dukani bila karatasi yenye idadi, bei, siku ya kulipwa na nani anabeba kilichopotea. Basi.

Metali. Hapa niseme kwa ukali. Usiandike "haina nikeli" kwa sababu muuzaji wa ndoano alikuambia. Chuma cha pua cha 316L kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14, ila huitoa kidogo sana, na ngozi huumizwa na ile inayotoka. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya unapima kinachotoka: kwa hereni inayopita kwenye tundu kikomo ni mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa mtu mwenye mzio, titani ni salama zaidi. Fedha ya 925 ni asilimia 92.5 fedha, iliyobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu, na itakuwa nyeusi. Mweleze mnunuzi mapema. Iliyochovywa dhahabu usiiite dhahabu. Na jiwe la bluu lenye mishipa, lililopatikana rahisi mno, lipitishie pamba yenye asetoni. Pamba ikitoka na bluu, ni jiwe jeupe lililotiwa rangi, mara nyingi hawlaiti. Unaweza kuliuza, lakini usiliite feruzi.

Picha nilizipangia robo saa, naona mwenyekiti anaangalia saa yake. Mwanga wa dirishani, kadibodi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga, na picha moja kipande kikiwa kimevaliwa, watu wajue ukubwa. Oda maalumu sitazigusa leo.

Mliokuja na bangili zenu, chupa 3 za maji ziko kwenye meza ya nyuma, na ndoano ziko ukutani. Tundikeni kabla hatujanywa chai. Zikianguka, kuna kitambaa chini, shanga hazitapotea.