Mafuta ya Taa Katika Chupa ya Maji

Ndugu wazazi na walezi, nimeombwa kuzungumzia sumu zinazowapata watoto wadogo kwa bahati mbaya, nami nimechagua moja tu, mafuta ya taa, kwa sababu hii tunainunua wenyewe na kuiweka sakafuni karibu na jiko.

Wengi wetu hununua mafuta hayo kidogo kidogo, ya kutosha siku mbili tatu, na muuzaji huyamimina katika chupa tuliyokwenda nayo, ambayo jana ilikuwa na maji ya kunywa au soda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyekwisha kujua kwamba chupa ya namna ile hutoa kinywaji, akishikwa na kiu mchana wa joto huifungua na kupiga funda, wala si mtundu katika hilo, kwani sisi ndio tuliomzoesha.

Hapa naomba tutulie. Funda dogo la mafuta ya taa likishuka tumboni moja kwa moja, mara nyingi halileti madhara makubwa. Hatari kubwa imo mapafuni. Mafuta haya ni mepesi na huenea upesi, kwa hiyo mtoto akipaliwa, hata kiasi kisichojaa kijiko cha chai huingia katika njia ya hewa, kikatambaa mapafuni na kuyaunguza. Kumtapisha kwa kidole au kwa maji ya chumvi ni kuyapitisha mafuta yale yale kooni mara ya pili. Maziwa nayo hayaondoi sumu hii, na yakinywewa mengi huleta matapishi. Nimewapokea akina mama waliofanya hivyo kwa upendo na kwa ushauri wa jirani, na siwalaumu hata kidogo. Nasikitika kwamba hatukuwaambia mapema.

Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpelekeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima, aangaliwe kwa saa 6 au zaidi, maana kikohozi na kupumua kwa kasi huweza kuchelewa kujitokeza.

Nanyi wenye maduka mliomo ukumbini, nawasihi: mteja akileta chupa ya maji au ya soda, msimjazie, mwambieni arudi na dumu.