Tunapogombea Filamu Ambayo Hatujaiona

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimefurahi kuwaona vijana wa Likoni, Kisauni, Majengo na Mji wa Kale mmejaa hivi. Mmekuwa mkibishana tangu mlangoni, na neno nililolisikia zaidi ni kwamba wahakiki wa filamu wamehongwa. Nitaanza na hilo.

Kampuni kubwa za Marekani huwaonyesha wahakiki filamu siku kadhaa kabla haijatoka, kwa sharti kwamba mtu asichapishe kitu mpaka saa iliyopangwa. Saa ikifika, tahakiki humiminika kwa pamoja, na tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998, huanza kuhesabu. Sasa tazameni inahesabu nini. Kila tahakiki hutiwa katika fungu moja kati ya mawili: huyu ameipenda filamu, yule hakuipenda. Asilimia mnayoiona kwenye simu ni idadi ya walioipenda katika kila mia. Wameipenda kiasi gani, haisemi.

Chukueni wahakiki 10. Wote waseme filamu inatazamika, si mbaya, kila mmoja aipe 6 juu ya 10. Filamu hiyo itapata asilimia 100. Sasa chukueni nyingine: 6 wameipa 10 juu ya 10, wametoka ukumbini machozi yakiwalenga, na 4 hawakuipenda hata kidogo. Hiyo itapata 60. Mimi nikiwa na pesa za tikiti moja tu pale Nyali Cinemax, nitakwenda kuiona hiyo ya pili, maana filamu iliyowagawa watu namna ile ina kitu ndani yake. Lakini mitandaoni shabiki wa ile ya kwanza atatamba wiki nzima, na wa ya pili atashika tama. Tovuti nyingine, Metacritic, wao hutafuta wastani wa alama zenyewe, kwa hiyo filamu moja yaweza kung'ara huku na kufifia kule, nasi tukadhani pana njama.

Tena alama ya mapema haitulii. Tahakiki zikiwa 20, mhakiki mmoja asiyeridhika anashusha pointi 5 nzima. Zikifika 300, huyo huyo hashushi hata nusu pointi. Kwa hiyo kushangilia au kulia saa ya kwanza ni kushindana na hesabu ambayo bado inafanywa.

Haya si madogo. Mwaka 2012, kabla The Dark Knight Rises haijatoka, mhakiki wa kwanza kuikosoa alitumiwa vitisho vya kuuawa, mpaka Rotten Tomatoes ikafunga maoni ya wasomaji kwa filamu ile. Waliokuwa wakitisha walikuwa bado hawajaiona! Mtu anamtisha mwenzake roho yake kwa ajili ya kitu ambacho macho yake hayajakifikia. Mimi jambo hili linaniuma kila nikilikumbuka.

Mwaka 2016, Suicide Squad ilipopata alama mbaya, mashabiki kwa maelfu walitia saini ombi la kutaka tovuti ile ifungwe. Walidai inazionea filamu za mashujaa wa DC, ambazo hutengenezwa na kampuni ya Warner Bros. Kumbe Warner Bros. wenyewe walikuwa na hisa katika kampuni inayoimiliki tovuti hiyo. Na filamu yenyewe ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani. Ombi halikumfaa yeyote.

Lakini siwaoni mashabiki kuwa wajinga, na sitaki mtu atoke hapa akidhani hivyo. Kwa miaka mingi wahakiki waliosikilizwa Marekani walikuwa kwa wingi wanaume wazungu, na shabiki anayeuliza hawa wanamsemea nani ana haki ya kuuliza. Ila hata kura ya watazamaji ilichezewa. Mwaka 2019 watu walijazana kuishusha Captain Marvel kabla haijafika ukumbini, tovuti ikaondoa asilimia ya wanaotamani kuiona filamu ambayo haijatoka, kisha ikaanza kuhesabu kando kura za watazamaji waliothibitishwa kuwa wamenunua tikiti. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na shabiki naye ni mwamba ngoma.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tunapiga kelele kabla ya filamu, na tukishaiona tunanyamaza. Nilimsikia kijana mmoja Kisauni akieleza kwa nini pigano la mwisho halikumwingia: picha zinakatwa kabla ngumi haijafika, humjui aliyepiga wala aliyepigwa, na mama wa shujaa, aliyepewa nusu saa ya kwanza, hata hakuulizwa tena. Ule ni uhakiki kamili. Ameusema kibarazani, wakacheka, wakanywa kahawa, ukaishia hapo. Andikeni, jamani. Andikeni kwa Kiswahili chenu hiki hiki, mtaje tukio, mtaje lilivyopigwa picha, mseme lilikufanyeni nini.

Dada pale nyuma ameuliza kama basi tuache kusoma tahakiki kabla ya kwenda. La, someni. Mimi huiacha asilimia nikamtafuta mmoja aliyeichukia filamu, nisome amechukia nini. Akisema ni ndefu, ina nyimbo nyingi na watu wanalia mno, nami napenda nyimbo na vilio, nanunua tikiti siku hiyo hiyo.